Mtihani wa udereva Uingereza: mwenye makosa 3 ameanguka, mwenye 13 amefaulu. Inakuwaje?

Mgeni_Leicester:
Habari zenu wanajukwaa. Nimeendesha gari Dar es Salaam kwa miaka mingi, lakini kwa kuwa leseni ya Tanzania haibadilishwi moja kwa moja hapa Uingereza, na ile miezi 12 ambayo mkazi mpya anaruhusiwa kuitumia inakaribia kwisha, ninajiandaa kwa mtihani wa vitendo kama mwanafunzi mwingine yeyote. Kinachonitatiza ni usahihishaji wake. Jamaa yangu alifaulu akiwa ameandikiwa makosa 13, ilhali shemeji yake, aliyeandikiwa 3 tu, aliambiwa arudie. Mtahini anahesabu nini hasa?

Usukani_Birmingham:
Ndugu, mimi hufundisha udereva. DVSA, wakala wa serikali unaosimamia mitihani hiyo, huyagawa makosa katika madaraja matatu: dogo, kubwa na la hatari. Mtahiniwa anaweza kuandikiwa makosa madogo 15 na bado akafaulu. La 16 ndilo linalomwangusha. Kosa kubwa au la hatari, hata likiwa moja, linatosha kumwangusha, na bila shaka ndilo lililomkuta shemeji huyo.

Wengi hawatambui kwamba kitendo kilekile kinaweza kuangukia daraja lolote, kutegemea kilichokuwapo barabarani wakati huo. Chukua mfano wa kuondoa gari lililoegeshwa kando ya barabara bila kugeuza shingo kutazama nyuma ya bega la kulia. Ikiwa mtaa ni mweupe na vioo vimetazamwa, huenda likaandikwa kosa dogo. Ikiwa kulikuwa na uwezekano wa kumdhuru mtu, linakuwa kubwa, hata kama hakuna aliyeguswa. Lakini akiwapo mwendesha baiskeli aliyelazimika kukwepa, au mtahini mwenyewe akaukamata usukani, hilo ni la hatari. Vilevile kosa dogo likirudiwarudiwa, mathalani kuwasha indiketa kila mara kabla ya kutazama vioo, mtahini anaweza kulihesabu kuwa kubwa, kwa kuwa limeshakuwa mazoea.

BiPwani_Reading:
Nakubaliana na mwalimu, ila kwa sisi tuliozoea barabara za nyumbani nadhani kinachotuponza zaidi si ufundi wa gia na klachi. Kusita kupita kiasi nako ni kosa: ukifika kwenye kipilefti, nafasi salama ikapatikana nawe ukaendelea kusubiri mpaka pote pawe patupu, utaandikiwa. Kumpungia mkono mwenda kwa miguu ili avuke, ambako kwetu ni uungwana mtupu, hapa kunaweza kukugharimu, kwa sababu unamwita barabarani bila kujua dereva wa upande wa pili atafanya nini.

Kwa upande mwingine, usihangaike na yasiyohesabiwa. Katika zile dakika 20 hivi ambapo unaendesha kwa kufuata vibao au kifaa cha kuelekeza njia, kukosea njia si kosa, mradi umekosea kwa usalama. Ukijikuta kwenye mstari wa kukunja kushoto, kunja kushoto, naye mtahini atakurudisha njiani.

Mgeni_Leicester:
Ahsanteni sana. Na yale maswali kuhusu gari lenyewe, kwa mfano kuulizwa breki inakaguliwaje au kuambiwa uoshe kioo cha mbele ukiwa unaendesha, nikikosea nitaanguka?

Usukani_Birmingham:
Hapana. Ukikosea moja au yote mawili unaandikiwa kosa dogo moja tu, isipokuwa kama wakati wa kutafuta swichi ya waipa umeacha kutazama mbele na gari likahama mstari; hapo utahukumiwa kwa uendeshaji wako, si kwa swali. Cha kuhofia zaidi kiko mwanzoni kabisa: utaombwa usome namba za gari lililo umbali wa takriban meta 20, na macho yakishindwa, mtihani unaishia hapohapo. Kama unatumia miwani, nenda nayo.