Nimetegua kiuno nikimvuta mgonjwa kitandani, wenzangu mnafanyaje?

nesi_igoma: Habari za jioni wakuu. Mi nesi hapa Mwanza, juzi zamu ya usiku mwenzangu kaenda kufuata dawa, mzee wa stroku (kiharusi) kateleza mpaka miguuni mwa kitanda, nikampitishia mikono kwapani nimvute juu, kiuno kikalia ka! Mpaka leo viatu nafungwa na mwanangu. Chuoni tuliambiwa kunja magoti, na nilikunja kweli.

fizio_ziwani: Pole sana dada. Magoti yanasaidia kwa ndoo ya maji maana unaisogeza kifuani, mtu aliyelala humsogezi kifuani. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wanasema kwa mgonjwa usizidishe kilo 16 za kunyanyua kwa mkono, na mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 70 unakaribia kilo 11! Kwapani acha kabisa, bega la upande uliopooza ni legevu linachomoka. Kunja shuka mara mbili lipite chini yake toka mabegani mpaka chini ya makalio, viringisha kingo mpaka zimguse, breki za kitanda funga, pandisha kitanda usawa wa kiuno chako, mmoja huku mmoja kule, mwambie mzee akunje goti la upande usiopooza akanyage godoro, moja mbili tatu mnamtelezesha. Mkiwa hamjatimia wawili, msubiri mwenzio.

chw_mabatini: Sie wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii tunamkuta mgonjwa kwenye godoro chini, na nyumba ziko juu ya mawe huku. Mi napiga goti moja siinami, na siendi kumgeuza mpaka mke au kijana wa pale ashike upande wa pili, nikiondoka wanaweza wenyewe. Kumshusha mpaka kwenye bajaji tulikuwa tunambeba mgongoni, siku hizi kiti cha mbao na vijana wanne.

mzee_wa_zamu: Mdogo wangu umeandikisha? Nenda kesho ijazwe kwenye kitabu cha matukio, tarehe, saa na nani alikuwepo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya hilo na mchango analipa mwajiri, wewe hukatwi hata shilingi. Ukikaa kimya wataambiana umeumia shambani. Na miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, usisubiri asubuhi.

nesi_igoma: Shikamoo mzee, asanteni wote. Ganzi hakuna. Kesho naandikisha, na inchaji (msimamizi wa wodi) namuomba shuka mbili zikae wodini za kugeuzia tu zisiende kwa dobi na zingine zikapotea.