Ndege imejazwa mafuta ya Jet A Florida, deni halijalipwa, na imeshaondoka: lieni bado ipo?

Mizani
Wakuu, naomba mwongozo. Kampuni yetu ya mafuta kiwanjani Florida imeijazia ndege ya kukodi galoni 1,150 kwa mikupuo mitatu, kwa mkopo wa siku 30. Mjazo wa mwisho leo una siku 71, na ndege imehamia jimbo jingine. Aliyeagiza ni kampuni ya kukodisha, lakini mmiliki kwenye usajili ni benki kama mdhamini (trustee), yaani inaishikilia ndege kwa niaba ya mwingine. Je, lieni, yaani deni linaloandamana na ndege yenyewe, imekufa kwa kuwa ndege haipo tena? Au imebaki kesi ya madai ya kawaida tu?

Hati_na_Muhuri
Haijafa, ila mna siku 19.

Kifungu cha 329.41 cha sheria za Florida kinampa aliyetia mafuta kwenye ndege lieni juu ya ndege hiyo kwa deni la mafuta. Hakidai iwe mikononi mwenu. Makali yake yako 329.51: mwandike taarifa ya lieni iliyothibitishwa kwa kiapo, isajiliwe kwa karani wa mahakama ya mzunguko (circuit court) ya kaunti ambako ndege ilikuwepo mafuta yalipoingia mara ya mwisho, ndani ya siku 90 tangu hapo. Kaunti ya ofisi yenu au ya mteja haihusiki.

Taarifa itaje jina lenu, jina la mmiliki, maelezo ya ndege, kiasi mnachodai na tarehe ya mjazo wa mwisho. Jina la mmiliki litoeni kwenye rejista ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kama lilivyoandikwa, yaani benki ile na udhamini wake. Kampuni ya kukodisha itajeni kando kama mwagizaji. Namba ya N, yaani ya usajili wa ndege Marekani, peke yake msiiamini, maana mmiliki anaweza kuibadilisha. Ongezeni mtengenezaji, modeli na namba ya kiwandani.

Wengi huangushwa na mhasibu anayehesabu siku 90 kuanzia siku ankara ilipoiva. Mkopo siku 30, barua ya kumbusho, ahadi mbili za simu, muda umekwisha.

RampuSaba
Mikupuo yote mitatu ni ya ndege hiyo hiyo? Lieni inafuata ndege, haifuati akaunti. Kama mteja ana ndege mbili kwenye ankara moja, zitenganisheni kwa risiti za kujaza: namba ya N, galoni, tarehe, saini ya rubani. Halafu kagueni malipo yaliyopita. Kama fedha zake zililipia ankara za zamani kwanza, salio linaweza kuwa la ndege nyingine kabisa, na mtakuwa mmeapia kiasi kisicho sahihi.

Kuegesha, kuvuta ndege na umeme wa ardhini msivichanganye humo, 329.41 inazungumzia mafuta. Ada za kiwanja cha umma zina kifungu chake, 329.40, na hiyo ni haki ya kiwanja.

Jingine: mliuza moja kwa moja au kupitia dalali wa mafuta? Kama dalali yumo kati, kesi ya "nani hasa aliyetia mafuta" ni ngumu. Kwenye meli ilionekana baada ya O.W. Bunker, kampuni ya kuuza mafuta ya meli, kuanguka Novemba 2014. Waliotia mafuta melini kwa mikono yao walishindwa kesi nyingi za lieni Marekani, kwa kuwa aliyewaagiza alikuwa dalali, si mwenye meli. Sheria ya meli si ya ndege, lakini wakili wa upande wa pili ataitaja tu.

Mizani
Ni ndege moja, na tuliuza moja kwa moja. Nikishamaliza kwa karani, nimemaliza?

Foleni
Bado. Mnunuzi wa ndege hazunguki kaunti za Florida. Anapekua rejista ya FAA, Oklahoma City. Pelekeni na huko, ada ni dola 5 kwa ndege, na anayesaini kwa niaba ya kampuni aandike cheo chake.

Msitegemee kulipwa kabla ya mkopeshaji. Kama ndege imewekwa rehani na rehani ikasajiliwa kabla yenu, mara nyingi inatangulia, na 329.51 yenyewe inasema haibadilishi foleni ya wadai. UCC 9-333, kifungu cha sheria ya biashara ya Marekani, humtanguliza mwenye lieni anayeishikilia mali mkononi, na ninyi mliiachia ikaruka. Nguvu mliyobaki nayo ni kwamba ndege yenye lieni rejistani haiuziki kirahisi. Kama kuna mauzo yanakuja, mtapigiwa simu.

Na asitumwe mtu kwenda kuiziba kwa gari huko iliko. Utekelezaji unapitia mahakamani.

Pwani_T
Kwa hiyo ni kama ile Airbus ya ATCL (Air Tanzania) iliyozuiwa Johannesburg 2019?

Foleni
Hapana. Ile ilizuiwa kwa amri ya mahakama, kwa deni la fidia ya ardhi lisilohusu ndege hata kidogo, na amri ikatenguliwa Septemba. Hapa deni lilizaliwa kwenye tangi la ndege hiyo hiyo.

Hati_na_Muhuri
Mizani, wakilipa, sajilini hati ya kufuta lieni pande zote mbili, kwa karani na FAA. Mkiisahau moja, mnunuzi ataikuta miaka mitano baadaye na wakili wake atawatafuta ninyi.