Mwandishi wa tamthilia anayetaka kuwa mtayarishaji: aanzie wapi, na asaini nini?

KalamuYaZiwa

Wakuu, habari za leo. Nina skripti za tamthilia ya sehemu 13, kila sehemu dakika 24, zote zimekamilika. Kituo kimoja cha televisheni kinazitaka, ila kinataka kuzinunua kwa bei ya jumla na kumkabidhi mtayarishaji wao. Nia yangu ni kubaki ndani kama mwandishi na mtayarishaji. Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze: mtayarishaji anaisomaje skripti? Siku za kupiga picha zinahesabiwaje? Na kwenye mkataba niangalie nini? Hadithi inatokea Mwanza: nyumba mbili, mwalo wa samaki, ofisi ya mtaa, na sini (vipande vya tukio) 14 ndani ya daladala.

RatibaKwanza

Karibu ndugu. Mwandishi anasoma hadithi, mtayarishaji anasoma siku. Dakika 24 mara 13 ni dakika 312, na kwa kanuni ya ukurasa mmoja dakika moja, una kama kurasa 312. Kanuni hiyo inashika ukiwa umeandika kwa Courier namba 12 na mpangilio wa kawaida wa skripti, na hata hapo isikulaze. "Wavuvi wanagombania nyavu" ni mstari mmoja kwenye karatasi, lakini kwenye kioo ni dakika mbili na kwenye ratiba ni nusu siku. Soma kila sini kwa sauti ukiwa na saa mkononi, andika muda pembeni.

Kisha kila ukurasa ugawe mara nane. Sini ya nusu ukurasa ni 4/8, ya robo ni 2/8. Kila siku ya kazi inapangwa kwa kujumlisha hizo. Tamthilia ya kamera moja, kikosi kikiwa kimezoeana, inaweza kupiga kurasa 6 hadi 8 kwa siku. Kwa kurasa 8 utamaliza siku 39, kwa kurasa 6 siku 52. Siku hizo 13 za tofauti zina chakula, usafiri, mafuta ya jenereta na posho za kikosi kizima. Ukiambiwa upunguze bajeti, usikimbilie posho za waigizaji. Rudi kwenye skripti.

Chukua daladala zako. Gari likitembea, kila mnaporudia lazima lizunguke lirudi lilikoanzia. Mwanga unageuka kila kona, na mlio wa injini hautafanana kati ya picha ya huyu anayesema na yule anayejibu, kwa hiyo mhariri anashindwa kuziunganisha. Uliza kila sini: mazungumzo haya hayawezi kufanyika kituoni, gari likisubiri abiria? Nadhani zaidi ya nusu zitahamia kituoni na hadithi isipungukiwe. Zile ambazo lazima gari litembee zikusanye, zipigwe kwa mkupuo mmoja.

Nyumba nazo: maliza sini zote za nyumba ya kwanza, za sehemu zote 13, ndipo uhame. Kuhama lokesheni katikati ya siku kunakula saa mbili mpaka tatu. Gharama ya mpango huu ni mwendelezo, yaani mavazi na vitu kufanana kutoka sini hadi sini, maana mwigizaji atacheza sehemu ya 2 asubuhi na sehemu ya 11 mchana. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu: kupiga picha za mavazi, nywele, kidonda, chai iliyobaki kikombeni. Asibebeshwe mtu wa mavazi kama kazi ya ziada. Atasahau, na kosa litaonekana kwenye uhariri wakati nyumba imesharudishwa kwa mwenyewe.

Tena kwa mwandishi anayetaka kupanda, nafasi ya mwendelezo ndiyo shule bora kuliko zote. Unakaa ubavuni kwa mwongozaji, unapima muda wa kila sini, unamwandikia mhariri ripoti. Ukitoka hapo unajua kila mstari wako uligharimu nini.

MaikiJuu

Niongezee kuhusu mwalo. Watazamaji watavumilia picha yenye kasoro, ila wasiposikia maneno wanabadili chaneli. Nendeni mwaloni siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayopiga, mkae kimya dakika 30. Andikeni kila kinachosikika: injini za mitumbwi, adhana, kengele ya shule, mashine ya kusaga. Ratiba ya sini za maneno ifuate karatasi hiyo. Nyumba za bati zisizo na dari zikagueni mapema, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna neno litakalosalimika.

Maiki ya mti, ile inayoshikwa juu ya waigizaji, iwe ndiyo kuu, maiki ndogo za kifuani ziwe akiba. Rekodini kwa 48 kHz, biti 24. Kabla ya kuondoka kila lokesheni, watu wote wanyamaze na mrekodi sekunde 60 za utulivu wa mahali pale; mhariri atazitumia kuziba mapengo kati ya maneno. Picha iwe fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inapopokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz. Mkiweka 1/60, taa za mirija zinaweza kupepesa, na kulitibu hilo baadaye ni kazi ngumu. Kadi isifutwe mpaka data iwe kwenye diski mbili, na nakala ya tatu ilale nyumba nyingine.

Mwisho, mkichanganya sauti toeni pia mkondo wa muziki na milio ya mazingira usio na maneno. Bila huo, anayetaka kuingiza sauti za Kifaransa kwa watazamaji wa Kongo hana pa kuanzia.

SahihiBaadaye

Mkuu, "kununua skripti" ni maneno mawili yanayobeba mambo mengi. Waulize: televisheni peke yake, au na mtandaoni? Nchi zipi, miaka mingapi, marudio mangapi? Wahusika ni wa nani ukija msimu wa pili? Mkataba usipotaja msimu wa pili, wanaweza kudai waliununua pamoja na wa kwanza. Weka na kifungu cha kurudisha haki: wasipoanza kupiga picha ndani ya miezi 18, kazi inarudi kwako.

Malipo yafuate hatua: kusaini, kukabidhi rasimu, kukubaliwa kwa rasimu ya mwisho, siku ya kwanza ya kupiga picha. Usikubali "tutalipa ikirushwa", kwa sababu tarehe ya kurusha si yako. Marekebisho mawili yawe ndani ya bei, la tatu lilipwe.

Cheo cha mtayarishaji bila mamlaka ni jina tu kwenye kioo. Mkataba useme nani anaidhinisha bajeti, nani anachagua mwongozaji na waigizaji, nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Kwa msimu wa kwanza ningeomba utayarishaji mwenza, pamoja na haki ya kuidhinisha mabadiliko yote ya skripti. Hilo kituo kinaweza kulikubali bila kuona kimenyang'anywa kazi.

Hakimiliki hailindi wazo, inalinda ulichokiandika, na ulinzi unaanza pale unapoandika, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi, kwa hiyo sajili. Lakini kabla hamjaelewana, wape mukhtasari na skripti ya sehemu ya kwanza. Zile 12 zikae kwako.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe kabla ya kupiga picha, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976. Zanzibar ina utaratibu wake. Droni ina kibali chake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Waigizaji, mtunzi wa muziki na wenye nyumba wasaini kabla kamera haijawaka. Na kama redio ya daladala inaimba wimbo wa msanii, ujue kuna haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Lipia zote au ufute wimbo huo kwenye skripti.

KalamuYaZiwa

Nawashukuru sana. Fedha ya dharura iwe kiasi gani? Mwalo una kurasa 41.

RatibaKwanza

Asilimia 10 ya bajeti yote, kwenye mstari wake, na isitoke bila sahihi mbili. Kurasa 41 mwaloni hesabu siku 8, kurasa 5 kwa siku na chenji kidogo, kwa sababu nje unafukuzana na jua. Zipangie Juni hadi Agosti, mkwepe masika na vuli. Hata hivyo, kila siku ya mwalo iwe na sini moja ya ndani iliyo tayari mvua ikiwakatiza, yenye waigizaji walewale waliokwisha kuitwa siku hiyo, na nyumba iwe karibu na mwalo.