Wanaojua miti wapo, ila hawataki kushika simu. Mnawavutaje?

Binti_wa_Mizinga (Sikonge)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mfuga nyuki, au tuseme mpwa wa mfuga nyuki, maana mizinga karibu yote ni ya mjomba. Tangu mvua zianze tuko vijana watano tunapiga picha za miti na wadudu huku porini na kuzirusha iNaturalist, ile programu ambayo watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha. Picha tumejaza. Shida ni kwamba zinakaa pale zimeandikwa "mmea", basi, miezi inakatika. Wapo wageni wawili watatu wa huko nje wanaopitia picha zetu, Mungu awabariki, lakini Sikonge hawajawahi kutia mguu na foleni yao ni ya dunia nzima.

Kinachoniuma ni kwamba wenye kujua wako hapa hapa. Mjomba hata gizani, mpe gome alipapase, anakutajia mti. Mwezi uliopita nikaita watu wazima saba, nikanunua soda na maandazi, nikawaonyesha programu inavyofanya kazi. "Ndiyo mwanetu, tumeelewa." Soda zikaisha, hajarudi hata mmoja. Mzee mmoja aliyefanya kazi za misitu miaka mingi akaniambia pembeni: "Kilatini sikijui, unataka nikaaibike mbele ya maprofesa?"

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mvuvi_Mstaafu (Kigoma)

Pole mwanangu. Umewaita semina, na mtu mzima akisikia semina anasubiri posho.

Mimi picha ya samaki ikinishinda naenda nayo Kibirizi asubuhi, kwa kina mama wa dagaa. Naonyesha moja tu: huyu ni mgebuka, au ni sangala mdogo? Hapo hapo watatu wanabishana, wa nne anakunyang'anya simu avute picha karibu. Mama mmoja alinikosoa samaki niliyekuwa nimemwandika vibaya mwaka mzima. Siku hiyo nikamfungulia akaunti yake, na sasa anapitia dagaa na migebuka peke yake, usiku, bando likiwepo. Vile visamaki vya kwenye mawe hagusi, na simlaumu. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za jamii hiyo (wataalamu huiita cichlid), karibu zote hazipatikani kwingine duniani.

Bwana_Miti (Tabora mjini)

Dada, nimepitia picha zenu. Usinichukie. Nyingi ni mti mzima umepigwa kutoka barabarani, jua liko nyuma yake. Hapo nilichoona ni kivuli. Mtu anayejua akifungua tano za namna hiyo anazima simu, na utasema hataki kujitolea.

Mti wa mtundu (wa porini, si wa darasani) na ule wa muba, ukiwa mbali ni ndugu. Chuma jani moja, lilaze kwenye kiganja, upige. Vijani vya mtundu huwa jozi tatu hadi tano, na jozi ya mwisho kule nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Muba, kubwa ziko katikati. Maganda ya mbegu za muba nayo yanasimama juu ya majani, unayaona kabla hujafika chini ya mti. Kwa mninga nipe lile ganda la duara lenye miiba katikati, sina haja ya kingine. Kwa hiyo jani, gome, na ganda kama lipo, zote ndani ya chapisho moja. Mmezitawanya kama miti mitatu.

Na ile miembe ya uani wekeni alama kwamba imepandwa, inatujazia foleni bure.

Huyo mzee mwambie Kilatini si lazima. Akijua ni jamii ya kunde tu, aandike hivyo, picha inatoka kwenye rundo la "mmea" inakwenda kwa wanaofuatilia kunde. Akikosea anabadilisha. Picha haipandi daraja la utafiti, yaani kuhesabiwa kuwa imeshatambuliwa, kwa neno la mtu mmoja, lazima wawe angalau wawili na zaidi ya theluthi mbili wakubaliane. Ila usije ukafungua akaunti saba za wazee ukazibonyeza mwenyewe. Nimeshaona mtu akifanya hivyo, ikawa aibu.

Binti_wa_Mizinga (Sikonge)

Shikamooni. Hilo la akaunti saba nilikuwa nimeshaliwaza, nakiri.

Wiki mbili sasa. Sikuita mtu. Jumapili mjomba anachonga mzinga, nikamsogezea jani la kwenye simu bila kusema kitu. Akaangalia, akasema "muba", akaendelea na shoka. Nikampa la pili. La tatu akaweka shoka chini, akaomba miwani. Tulifika kumi na tisa, chai ikapoa.

Juzi kuna mtu wa nje ameandika mtundu kwenye picha ambayo mjomba anasema ni muba. Nikamwambia mjomba unaweza kumpinga, kuna sehemu ya kuandika sababu. Akanyamaza kidogo, akaniamuru niandike hivi: "Huu mti niliukata gome la mzinga mwaka juzi, njoo uone kovu." Nimeandika hivyo hivyo, nikaongeza lile la jozi za katikati.

Bwana_Miti, tafadhali pita uione, kura zimegongana, moja mtundu, moja muba. Safari hii jani liko kwenye kiganja. Kiganja chenyewe ni cha mjomba, usishangae madoa ya nta.