Mdogo wangu ana HGL, Daraja la Pili, anataka sheria. Naombeni ushauri kabla hajajaza vyuo

BrazaNjombe:
Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kombi ya HGL. Historia C, Jiografia D, Kiingereza C. Kapata Daraja la Pili la pointi 10. Kang'ang'ania sheria, hataki kusikia kingine. Nikimuuliza kwa nini, anasema anapenda kutetea wanyonge na shuleni alikuwa moto kwenye midahalo. Mzee anamsukuma kwa sababu anataka familia iwe na wakili wake. Mlipaji ni mimi.

Naomba kujua: pointi zake zinatosha? Njia yote ni miaka mingapi mpaka aitwe wakili? Na hizo sababu zake zina mashiko, au tunaenda kuchoma hela? Nawasilisha.

Mwalimu wa Mbozi:
Nianze na pointi maana hapo wengi wanachanganya. Hiyo 10 ni hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, ambako A ni 1 na ndogo ndiyo nzuri. Vyuo hesabu yao inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kozi za namna hii ni alama mbili za "principal" (A mpaka E) zenye jumla ya 4. Yeye kwa C mbili tu ana 6. Kuomba anaruhusiwa, hilo lisikusumbue.

Kuruhusiwa kuomba si kuchaguliwa lakini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe wanapokea maombi mengi kuliko nafasi, kwa hiyo mwenye B na A anapita mbele. Asijaze vyuo vyenye ushindani mkali peke yake halafu akabaki kusubiri dirisha la pili. Achanganye. Na asome masharti ya kila chuo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu, siyo picha ya mwaka juzi inayozunguka WhatsApp.

Mkaa Korido:
Kuhusu sababu. Ukiwasikiliza wanaoomba sheria utakuta ni zilezile: midahalo, kutetea wanyonge, suti, siasa, na mzazi mwenye kesi ya kiwanja. Mbaya si sababu. Shida ni pale mtu anapodhani kazi ya kila siku inafanana nayo.

Midahalo kwanza. Kwenye mdahalo unashinda kwa kuwafurahisha waliokaa ukumbini. Mahakamani anayekusikiliza ni mmoja, anaandika, na swali lake ni "kifungu gani, na ushahidi uko wapi?" Mwongeaji asiyependa kusoma anateseka sana huku. Anayesoma kimya kimya kurasa 80 za mwenendo wa kesi mpaka akaona shahidi wa tatu kasema tarehe tofauti na shahidi wa kwanza, huyo ndiye anayeshinda.

Kutetea wanyonge ni sababu nzuri, ila ajue mnyonge halipi, au analipa kidogo kidogo. Wanaoifanya kazi hiyo muda wote wengi wako kwenye mashirika ya msaada wa kisheria, na nafasi zake ni chache. Wakili wa kujitegemea kwa kawaida analishwa na mikataba, mauziano ya viwanja, mirathi, usajili wa kampuni kwa wakala wa serikali BRELA na viapo, ndipo anapata nafasi ya kumsaidia huyo mnyonge.

Na mzee wenu mumwambie mapema: kesi ya familia ni kesi mbaya kumpa mtoto wa familia. Akigeuka kuwa shahidi hawezi tena kuwa wakili kwenye kesi hiyohiyo, na baba mzazi hamsikilizi binti yake kama anavyomsikiliza wakili aliyemlipa.

Jogoo la Mjini:
Ajira hakuna, mkuu. Mpeleke afya.

Mwalimu wa Mbozi:
Jogoo, mwenye HGL aende afya na Baiolojia ipi? Tushauri kilichopo mezani.

Masjala:
Mkaa Korido kasema vizuri, mimi niongeze kitu kimoja ambacho vyuo vinakigusa juujuu: sheria ni kazi ya muda na makaratasi. Nikupe mifano binti aipime.

Mtu kashtakiwa kesi ya madai. Akipokea wito ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita bila ruhusa ya mahakama, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja hata kama haki ilikuwa yake.

Mteja kashindwa kesi ya shamba Mahakama Kuu, anataka kwenda Mahakama ya Rufani. Notisi ya rufaa iingie ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Ndani ya siku 30 hizohizo wakili aandike barua kwa Msajili kuomba nakala ya mwenendo (kumbukumbu za kesi ilivyosikilizwa) na hukumu, na nakala ya barua hiyo ampelekee mjibu rufaa, yaani upande wa pili. Rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 60 tangu notisi. Nakala zikichelewa, Msajili anatoa hati ya kuonyesha siku zilizopotea ili zisihesabiwe. Sasa tazama panapovunjika: wakili kaandika barua vizuri, kapokelewa, ila kasahau kumpelekea mwenzake nakala. Siku alizosubiri zinahesabiwa kama kawaida, rufaa imechelewa, na inaondolewa bila mtu kugusa swali la nani mwenye shamba.

Au hati ya kiapo. Sheria inamtaka kamishna wa viapo aandike pale chini kiapo kimeliwa wapi na tarehe gani. Mstari mmoja tu. Maombi mengi yameanguka kwa sababu tarehe haipo, au muhuri umegongwa juu ya nafasi iliyoachwa wazi. Tangu marekebisho ya 2018 mahakama zimeelekezwa kutazama haki zaidi kuliko ufundi, lakini majaji wamesema mara nyingi kwamba hiyo si dawa ya kila uzembe.

Kama binti ni wa kuandika tarehe, kuhakiki mara mbili na kutunza mafaili, ana kitu ambacho midahalo haimpi. Kama ni wa "nitamalizia kesho", afikirie tena.

BrazaNjombe:
Asanteni sana, mzee Masjala hapo umenitisha kidogo. Sasa kuna hili la Law School. Kuna mtu kaniambia watoto wanamaliza chuo halafu wanafeli pale wote. Ni kweli? Na nijiandae kwa miaka mingapi?

Dada wa Sinza:
Wote hapana, lakini usilichukulie poa.

Hatua ni hizi. Shahada ya sheria ni miaka 3 au 4, inategemea chuo. Ikiisha, mhitimu si wakili bado. Anaingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndiyo hiyo Law School, ambayo sheria yake ni ya 2007 na ilianza kupokea wanafunzi 2008. Pale ni kama mwaka mzima: madarasa, mitihani, na mazoezi kwenye mahakama na ofisi za mawakili. Akifaulu anaomba kwa Jaji Mkuu, anasailiwa, akikubaliwa anaapishwa na kuingizwa kwenye daftari la mawakili. Halafu kuna leseni ya kila mwaka na ada za Chama cha Mawakili Tanganyika. Ukihesabu na miezi ya kusubiri matokeo na kuapishwa, jiandae kwa miaka 6 tangu aingie mwaka wa kwanza. Zanzibar wana utaratibu wao na daftari lao.

Hayo ya kufeli yalishika kasi Oktoba 2022. Matokeo yalitoka ya watahiniwa 633: 26 walifaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu wanashika ile 26 wanasahau kwamba wale 342 wa kurudia (sapu) bado walikuwa na njia.

Kwa nini wanaanguka? Kwa ninavyouona mtihani wenyewe, chuoni unaweza kupita kwa kueleza maana ya mkataba. Pale unapewa ukurasa wa maelezo ya mteja, yamechanganywa na porojo, unaambiwa uandae hati ya madai. Lazima ujue mahakama ipi ina mamlaka, nani anashtakiwa kwa jina lipi, aya ipi inaonyesha chanzo cha madai, unaomba nafuu gani, na uthibitisho unakaa wapi. Aliyekariri anaandika insha. Nyingine ni Kiingereza, na hapo C ya binti isimlaze usingizi.

Dawa yake inaanza mwaka wa pili wa chuo: kila likizo akae ofisi ya wakili au masjala ya mahakama, hata kwa kupanga mafaili, na aandike kwa mkono wake hati moja kila wiki akilinganisha na iliyowasilishwa kweli.

Hela: ada ya pale peke yake inapita milioni moja, na kuna pango na chakula cha Dar juu yake. Itengee fungu kuanzia sasa. Bodi ya Mikopo ina utaratibu kwa wanafunzi wa Law School, soma mwongozo wa mwaka husika. Kwa shahada, sheria haipo kwenye kundi la kwanza la vipaumbele, kwa hiyo usipange bajeti kana kwamba mkopo wa asilimia mia umeshapatikana.

Jogoo la Mjini:
Haya, hilo la afya nalifuta. Ila ajira je? Namba za daftari zimeshapita 10,000.

Dada wa Sinza:
Ni kweli, na Dar wamejazana. Ila mwenye sheria haishii kwenye uwakili wa kujitegemea. Kuna mahakimu, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Wakili Mkuu wa Serikali, halmashauri, RITA (wakala wa vizazi, vifo na ufilisi), mabenki, bima, mifuko ya hifadhi ya jamii. Angalia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira: nafasi nyingi za afisa sheria zinadai shahada pamoja na cheti cha Law School. Ndiyo maana aliyeishia kwenye shahada anakwama katikati. Ukimlipia chuo bila kupanga cha mwisho, umejenga nyumba ukasahau bati.

Mvita Mwema:
Kwa wanaosoma uzi huu kutoka huku Kenya, njia yetu ni nyingine, msichanganye. Shahada ni miaka 4, kisha Kenya School of Law pale Karen, masomo 9, na mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Kila somo pasi ni 50: mtihani wa maandishi una alama 60, mradi 20, mdomo 20. Kuna pia miezi 6 ya uanafunzi chini ya wakili. Matokeo ya kidato cha nne nayo yamewahi kudaiwa: wastani wa C+ na B kamili kwenye Kiingereza au Kiswahili. Vijana wamefika Karen na shahada mkononi wakarudishwa kwa sababu ya karatasi hiyo.

Kijiwe Nongwa:
Swali la pembeni. Si walisema mahakama sasa ni Kiswahili? Kiingereza cha nini tena?

Masjala:
Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji. Lakini hukumu za miaka sitini ambazo wakili anazitegemea ziko kwa Kiingereza, na darasani wanafundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo anayeingia sasa anahitaji zote mbili na azimudu kweli. Kumhoji shahidi kwa Kiswahili fasaha ni ufundi wa peke yake, na wengi waliosoma shule za Kiingereza wanatia huruma hapo.

BrazaNjombe:
Nimeelewa. Dirisha la maombi halijafungwa. Kuna namna ya kumpima kabla sijatoa hela?

Mkaa Korido:
Ipo, na haina gharama. Mpe hukumu asome. TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure. Aanze na Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Aandike ukurasa mmoja kwa mkono: nini kilitokea, swali la kisheria lilikuwa lipi, mahakama ilijibu nini na kwa sababu gani.

Nimeichagua hiyo makusudi. Kila mtu anajua ilisema kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango kwenye mali ya ndoa. Wanaosoma muhtasari wanaishia hapo, wanadhani Bi Hawa aliondoka na mgawo. Ukisoma mpaka mwisho unakuta hakuambulia, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, mahakama ikahesabu kwamba fungu lake alishalipata. Binti akilileta hilo bila kuambiwa, na akaanza kubishana nalo, lipa ada. Akikuletea aya mbili alizonakili mtandaoni, mzungumze upya.

Masjala:
Na ampeleke mahakamani akakae siku tatu. Mahakama ni ya wazi, haombi ruhusa, isipokuwa kesi za watoto na zile zinazosikilizwa faragha. Avae kwa heshima, simu azime, asirekodi chochote. Aanze Mahakama ya Mwanzo, halafu ya Wilaya.

BrazaNjombe:
Ataanza Jumatatu. Afike saa ngapi?

Masjala:
Saa 2 na nusu awe ameshafika, asome orodha ya kesi iliyobandikwa nje. Atafute zilizoandikwa kusikilizwa. Za kutajwa zinaisha kwa dakika mbili, inapangwa tarehe nyingine basi, na akiziona hizo peke yake atarudi nyumbani akidhani kazi yote ndiyo hiyo. Akikosa ya kusikilizwa, amuulize karani kwa adabu ipo siku gani, arudi siku hiyo.