Tupeane uzoefu: mabawa ya bata mzinga ya moshi yakibaki, wewe unayafanya nini?

Wakuu salaam, hasa nyie mlioko huku Marekani.

Jumamosi jirani yangu hapa Houston, mzee Mmarekani mweusi mwenye asili ya Louisiana, aliamka alfajiri akawasha lile jiko lake la pipa. Jioni akagonga mlango na sinia limefunikwa foili: mabawa ya bata mzinga yaliyopikwa kwa moshi. Watoto wakabandua ngozi, wakala minofu ya juu, wakaacha. Jumapili asubuhi nafungua friji nakuta mabawa saba, meusi, magumu, kila moja refu kama mkono wa mtoto wa miaka mitatu. Friji nzima inanuka jiko la bibi yangu kule Muheza. Mpaka chai ya maziwa siku hiyo ilikuwa na moshi.

Mama watoto alikuwa zamu, nikajifanya mpishi. Nikayaunga kama ninavyounga kuku: kitunguu, nyanya, karoti, hoho, na chumvi kipimo changu kile kile cha siku zote. Jamani! Ule mchuzi ungeweza kukaushia papa. Nikatumbukiza viazi vinyonye chumvi kama tunavyoambiwa, nikaishia kuwa na mchuzi wa chumvi na viazi vya chumvi. Nikamwaga wote, watoto wakala mkate na mayai.

Kwenda kumuuliza mzee, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akaniambia kosa langu ni kudhani ile ni kitoweo. Kwao ile ni kiungo. Unalichemsha bawa peke yake kwanza, lisilo na chochote, halafu yale maji ndiyo yanayopika mboga au maharage. Zamani kwao walitumia kongoro la nguruwe la moshi, wengi wakahamia kwenye bata mzinga ama kwa afya ama kwa dini.

Yamebaki matano. Nani kapika nini? Na waliounguza pia waseme, nisiwe peke yangu.

Mama wa Minneapolis, kwetu Mombasa

Pole kakangu, na kheri hukuwa na wageni.

Mimi napikia sukuma. Zile koladi zao ni sukuma wiki ile ile tu, jani limekuwa pana kama sikio la ndovu na uti mgumu zaidi. Fanya hivi. Mabawa mawili, yakate kwenye viungo, tia sufuriani na maji yafunike kabisa. Moto mdogo, saa moja na nusu hadi mbili. Usitie chumvi, wala royco, wala usiguse kitu. Utaona maji yanageuka rangi ya chai ya rangi na juu panaelea mafuta kidogo. Ukitia kidole na kukikausha kinanata, hapo mfupa umetoa utamu wake. Toa mabawa, chambua nyama, tupa ngozi ikiwa imekuwa mpira.

Sasa onja hayo maji. Yakiwa makali, punguza nusu uweke kando, ongeza maji safi. Kisha kaanga kitunguu maji na saumu kwa mafuta kidogo, tia sukuma uliyoikata nyembamba, mimina ile supu miko miwili mitatu, funika. Wenyeji huchemsha saa nzima mpaka jani linalegea. Mimi ni mtu wa pwani, mboga ikilala namna hiyo naona kama imekufa mara mbili, basi naipa dakika ishirini tu. Mwisho narudisha nyama, nakamulia ndimu. Ndimu usiisahau, ndiyo inayokata ule moshi. Wao supu ya chini wanachovya mkate wa mahindi, sisi tuna ugali.

Kwa Waislamu wenzangu: miaka miwili ya mwanzo nilikuwa siguse mboga za Wamarekani mkahawani, kwani kumbe nyingi zina nguruwe ndani na hazisemi. Ukipika mwenyewe una raha. Mimi hununua bata mzinga mbichi wa halali, nikatafuta mtu ambaye jiko lake halijapata kuchoma hiyo nyama nyingine.

Msomaji wa kimya kimya

Uzi mzuri lakini picha iko wapi? Tunakula kwa macho hapa.

Mwanzisha uzi

Mkuu, picha ya mchuzi wangu ingeleta kesi.

Mzaliwa wa Uvira, sasa Kentucky

Miye nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na mbili mbele ya kufika huku. Kwetu sombe, hii munayoita kisamvu, bila kitu cha moshi ndani haijaisha. Inatakiwa samaki ya moshi ama ndagala. Huku nilipofika, samaki ya moshi ilikuwa mbali na bei ilikuwa ya juu sana, lakini mabawa ya dende, yaani huyo bata mzinga, yako kila duka, bei ya maskini.

Sombe ya friza unaipata kwenye maduka ya Waafrika, imekwisha kutwangwa. Ichemshe saa moja na zaidi, bila kifuniko, maana jani la muhogo lisipoiva vizuri lina sumu. Huko pembeni bawa linachemka sufuria yake. Baadaye unakutanisha: sombe, maji ya bawa, kitunguu, pilipili moja nzima usiipasue, mawese. Saa nyingine moja. Chumvi mpaka mwisho kabisa, na mara nyingi haitakiwi.

Mama mkwe alipotutembelea akala sahani ya kwanza kimya. Ya pili akauliza, "Hii samaki ya wapi, mbona haina miiba?" Nikamwambia ya ziwa la huku. Mume wangu akatoka nje kucheka. Mpaka leo akipiga simu anaulizia ile samaki.

Kijana wa Eldoret

Nyie mnalalamikia friji kunuka moshi, mimi ndiyo harufu iliyonifanya ninunue. Kwetu kibuyu cha mursik kinasuguliwa ndani na makaa ya mti maalum kabla ya kutia maziwa. Nilipofungua ile pakiti dukani Dallas nilisimama hapo kama mtu ameitwa jina. Mapishi sina, nilikula na ugali nikiwa nimesimama jikoni. Ilikuwa chumvi kweli, nilikunywa maji usiku wote.

Dada wa Unguja, Toronto

Mimi nimekuja kutoa onyo. PILAU USITHUBUTU.

Nilikuwa na mabawa manne yamebaki na wageni wanakuja, nikasema si nyama tu. Supu yake nikapikia mchele, bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu kama kawaida. Unajua pilau inavyonukia mpaka nje? Hii ilinukia kama nyumba imeungua kwenye duka la viungo. Karafuu na moshi vinagombana, na hakuna anayeshinda. Wageni wakasifia kachumbari. Mtu akisifia kachumbari ujue pilau imekufa.

Mama wa Minneapolis

Hapo nabisha kidogo dada. Mbona watu hufukiza biriani kwa kaa la moto na samli, wakafunika chungu? Moshi na viungo vyajuana. Naona kosa ni kutumia ile supu nzima. Ungechambua nyama ukaitia juu mwisho, mchele ukaupika kwa maji yake mengine.

Dada wa Unguja, Toronto

Kaa la dakika tano na bawa lililokaa motoni saa sita si moshi mmoja, bibie. Wewe jaribu, wageni wako waje wasifie kachumbari.

Muuguzi, Texas

Naomba niingie hapa kabla hamjaua mtu.

Vikibaki, nyama isikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji siku tatu hadi nne, zaidi ya hapo weka friza. Ukipasha, moto ufike ndani, nyuzijoto 74 za Selsiasi, siyo uvuguvugu wa maikrowevu wa sekunde thelathini. Na ile rangi ya waridi karibu na ngozi haimaanishi ni mbichi, ni gesi za moshi zinavyobadilisha rangi ya nyama. Rangi isikudanganye upande wowote, pima kwa kipimajoto.

Haya nayajua kwa kazi yangu, ila somo lenyewe nililipata kwangu. Nilichemsha sufuria kubwa ya supu ya mabawa, lita kama nane, nikasema ipoe nitaiweka friji. Nikapitiwa na usingizi. Asubuhi nikaichemsha tena, nikajiambia vijidudu vimekufa. Tuliumwa nyumba nzima, siku mbili tunapishana chooni, na mimi ndiye muuguzi! Sufuria kubwa hupoa polepole mno, katikati inabaki vuguvugu usiku kucha, na bakteria wanapenda hapo. Baadhi wanaacha sumu ambayo hata ukichemsha haitoki. Sasa hivi namimina kwenye vyombo vifupi vifupi, vinapoa haraka, ndipo friji.

Wenye presha: bawa hili limeshalowekwa chumvi kabla ya moshi. Baba yangu anayo, kwa hiyo nalichemsha dakika kumi na tano, namwaga maji ya kwanza, naanza upya. Ladha inapungua, lakini baba ninaye.

Bachela wa Charlotte

Nilikuwa nakaa na jamaa wa South Carolina. Tarehe 1 Januari akaniamsha tupike kunde na wali, eti usipokula siku hiyo mwaka mzima hupati hela. Kunde zile zile zenye jicho jeusi! Nikamwambia kunde ni mboga ya nyumbani. Akasema hata kwao zilitoka Afrika, zilivuka bahari enzi za utumwa.

Yeye anapika na bawa la moshi na wali humo humo. Mimi nikamwomba sufuria ya pili. Kunde nilizoloweka usiku, supu ya bawa mpaka ziive, halafu tui la kopo moja, kitunguu na pilipili mbuzi. Tui ukilitia mapema linakatika, subiri kunde zilainike. Nyama nikairudisha ikiwa imechambuka nyuzi nyuzi. Jamaa alikula sahani tatu akasema hii hela ya mwaka huu itakuwa dola elfu. Hela hatukuipata, ila kila Januari ananitafuta.

Mama wa Kampala, Boston

Kwetu kuna nyama ya kukausha na moshi, mukalo, tunapika na karanga za kusaga. Nimefanya hivyo hivyo na bawa: supu, karanga, nyanya moja, moto mdogo na kukoroga bila kuchoka maana karanga hushika chini. Imekubali kabisa. Matoke pembeni.

Mchaga

Mimi ni wa Moshi, kwa hiyo moshi niachieni mimi.

Mtori. Kwetu unapikwa na nyama ya ng'ombe yenye mfupa, mzazi anapewa baada ya kujifungua. Mke wangu alipojifungua huku ilikuwa Novemba, wiki ya Sikukuu ya Shukrani, theluji, mama yangu yuko Marangu anatoa maelekezo kwa simu. Nyama ya mfupa ya kueleweka sikupata. Nilichokuwa nacho ni mabawa ya moshi tuliyoletewa na watu wa kanisani.

Nilitia matatu kwenye presha kuka dakika arobaini. Yalitoka mfupa unateleza wenyewe, ukishika tu nyama inabaki kwenye maji. Supu nikaichuja kwa kitambaa, maana yale mabawa yana vijifupa vyembamba kama sindano, msiwape watoto bila kupekua kwa vidole, wala mbwa. Ndizi nikanunua zile za kawaida za supamaketi, nikachagua za kijani kabisa. Ukizimenya paka mafuta mikononi, la sivyo utomvu utakaa nawe mpaka Krismasi. Nikazichemsha na kiazi kimoja, nikaziponda na mwiko, supu nikamimina kidogo kidogo mpaka ikawa uji mzito. Kitunguu, karoti iliyokwaruzwa, siagi kijiko. Chumvi: sifuri.

Mama kwenye simu akaniuliza, "Umeweka nyama gani?" Nikasema bata mzinga. Kimya. Akadhani mtandao umekata. Akasema, "Mwanangu, mzazi unampa bata?" Nikageuza kamera amwone mke wangu anafuta bakuli kwa kidole. Akasema haya, mwongeze.

Mwanzisha uzi

Wakuu, nimerudi na ripoti.

Sukuma ya mama wa Minneapolis nimeipika Jumanne, bawa moja tu kwa mafungu mawili, ilitosha. Ndimu kweli inafanya kazi. Mtori nimeupika jana na mawili. Nilisahau mafuta mikononi, nina madoa meusi kazini leo watu wanauliza nimeshika gari gani. Bakuli moja nikampelekea mzee jirani. Alionja, akakaa kwenye ngazi, akalimaliza hapo hapo bila neno, akaniuliza ndani kuna jibini gani. Nikamwambia ni ndizi. Hajaamini, Jumamosi anakuja nimwonyeshe, na analeta sinia lingine.

Kunde za nazi nilipanga kesho. Nimefungua friza nitoe mabawa mawili yaliyobaki, nimeyakuta yamezungushiwa plastiki mara tatu, juu kuna karatasi ya mama watoto: "Ya sukuma ya Jumapili. Baba asiguse."

Kuna mwenye njia ya kutoa harufu ya moshi kwenye friji? Maziwa bado.