Fungu la marehemu: aliyekufa katikati ya pambano anapata XP (pointi za uzoefu) au hapati?

Mhasibu wa Sinza:

Wakuu, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Meza yangu imegawanyika, na mmoja wa wanaogombana ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ninayeishi naye nyumba moja. Sina pa kukimbilia.

Tunacheza Dungeons & Dragons mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, toleo la tano, vitabu vya 2014. Wachezaji wanne, kila mmoja na mhusika wake; mimi naendesha, yaani nasimulia hadithi na kusimamia sheria. Wahusika ni mpiganaji (wa shemeji), mwizi, kasisi na mchawi, wote levo ya nne, na kila mmoja alikuwa na XP 5,850. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo daftari langu halikosi hata pointi moja. Levo ya tano inataka 6,500.

Jumamosi iliyopita msafara ulikuwa unavuka daraja la kamba huku unafukuzwa na troli mmoja na goblini sita, vijitu vikorofi. (Troli si lile la kusukumia bidhaa supamaketi. Hili ni jitu, uhai 84, vidonda vyake vinajifunga vyenyewe usipolichoma moto au kulimwagia tindikali.) Mpiganaji wa shemeji akageuka, akasimama pale daraja linapoanzia, akawaambia wenzake, "Piteni." Hakuna aliyemtuma. Raundi tatu yuko pale peke yake na lile jitu. Mwizi wetu, ambaye leo ndiye anayepiga kelele kuliko wote, alikuwa wa kwanza kufika ng'ambo.

Raundi ya tatu akaanguka, uhai sifuri. Troli likamng'ata akiwa chini, na mnajua ukipigwa kwa karibu huku umezimia hesabu yake ni makosa mawili papo hapo, kati ya matatu yanayoua. Likabaki moja. Zamu yake ikafika, akarusha dadu ya kufa na kupona, ikagonga sahani ya maandazi, ikaruka mezani, ikaingia chini ya friji. Watu wazima watano tumelala kifudifudi sebuleni, tochi za simu zimewaka, mke wangu katuletea fagio bila kuuliza swali. Tulipomulika ilikuwa imelala imeonyesha 4. Ilitakiwa 10. Shemeji akasema, "Basi," akaenda kunywa maji.

Wenzake waliobaki wakaligeukia troli, wakalichoma moto, likafa. Wale goblini walimalizwa na mchawi wetu.

Sasa hesabu. Troli 1,800, goblini sita kwa 50 ni 300. Jumla 2,100.

Nikigawa kwa wanne ni 525 kila mmoja. Wanafika 6,375, hakuna anayepanda. Nikigawa kwa watatu waliobaki hai ni 700. Wanafika 6,550, wote watatu wanapanda levo.

Mwizi akasema maiti haina kazi na XP, mgawo ni wa walio hai. Nikataka kumkatalia, lakini kasisi akaleta neno lililonizimisha kabisa. Kasisi wa levo ya tano anaweza kumfufua mtu aliyekufa ndani ya dakika moja, mradi awe na almasi ya thamani ya dhahabu 300. Na almasi wanayo, waliiokota kwenye mfuko wa mkuu wa goblini wiki mbili nyuma. Kwa hiyo, anasema kasisi, mkimnyima marehemu fungu lake mimi napanda levo na kumfufua. Mkimpa fungu lake, anabaki amekufa.

Nikaahirisha mchezo. Nimelala vibaya siku tatu. Mnagawaje ninyi?

---

Mzee wa Kongowea:

Kijana, mimi nimeanza na toleo la 3.5, la mwaka 2003, na mwongozo wa mwendeshaji wa toleo hilo ulilimaliza hili: aliyekufa kabla pambano halijaanza hapati kitu, hata akifufuliwa baadaye. KABLA. Shemeji yako hakufa kabla, amekufa ndani yake, tena mstari wa mbele. Ameshiriki, basi anahesabiwa. Gawa kwa wanne na ulale.

Enzi za nyuma zaidi kulikuwa na ukatili wake. Toleo la kwanza XP nyingi zilitokana na hazina, dhahabu moja ukiifikisha salama ni XP moja. Ukifia shimoni hukufikisha kitu, na watu walizoea hivyo. Na kwenye 3.5 hiyo hiyo, kufufuliwa kwa njia ya kawaida kulikupotezea levo nzima. Ninyi wa toleo la tano mnalelewa kama mayai.

Hilo la kasisi ni ujanja wa mwanafunzi. Soma kitabu tena. Kasisi anabadilisha orodha ya dua alizotayarisha akimaliza mapumziko marefu, yaani muda wa saa nane. Hata ukimpandisha levo papo hapo juu ya daraja, dua ya kufufua hajaitayarisha. Wakati huo dakika moja imeshapita mara 480. Almasi arudishe mfukoni.

---

Mhasibu wa Sinza:

Mzee, umenitoa mbali. Sikuikumbuka hiyo ya kutayarisha. Nimemtumia kasisi ujumbe, kanijibu kwa alama moja ya kuguna.

Lakini mwizi bado. Anasema nikimpa marehemu 525 zinakwenda wapi, maana karatasi ya mhusika tumeshaichana. (Kweli tuliichana. Shemeji mwenyewe aliomba.)

---

Dada wa Njiro:

Kaka, kila mtu hapa anaongelea marehemu na hakuna anayemwongelea shemeji. Marehemu ni karatasi. Shemeji ndiye atakayekuja Jumamosi kukaa kwenye kiti.

Niwape yangu. Kundi nililokuwa nacheza nalo zamani walikuwa na sheria ya mwendeshaji: ukifa unaanza upya levo ya kwanza. Wenzangu walikuwa levo ya tano. Nikatengeneza mpiga upinde, uhai 11. Jioni ya kwanza tukakutana na zimwi, rungu moja, nimelala. Sikufa, kasisi wao aliniamsha, lakini kuanzia hapo kazi yangu ikawa kusimama nyuma ya mlango. Kila pambano, nyuma ya mlango! Mwendeshaji ananiambia vumilia, levo za mwanzo zinapanda haraka. Na kwenye karatasi ni kweli, levo ya pili inataka XP 300 tu na ya tatu 900, pambano moja la wakubwa linakupandisha. Tatizo ni kuliona hilo pambano likiisha ukiwa hai. Nilicheza Jumapili tatu, ya nne nikasema nina msiba. Sikuwa na msiba.

Kwa hiyo mimi meza yangu XP naandika kwa jina la mchezaji. Karatasi ikichanika, hesabu inabaki. Mhusika mpya anaingia na XP zile zile za yule aliyekufa. Kilichopotea ni mhusika mwenyewe, vitu vyake, na ile hadithi yake. Hiyo adhabu inatosha. Shemeji wako alipoenda kunywa maji unadhani alikuwa na kiu?

---

Pangu Pakavu:

Acheni XP. Sisi tuliacha mwaka jana, watu wanapanda levo hadithi ikifika mahali pake. Hakuna daftari, hakuna ugomvi, hakuna mtu chini ya friji.

---

Mhasibu wa Sinza:

Pangu, nimekusikia, lakini wangu wanapenda kuhesabu. Mwizi huwa ananiuliza XP zake katikati ya wiki kama mtu anayeulizia salio. Nikiwaondolea hiyo nimewaondolea nusu ya mchezo. Na mimi pia, nikisema ukweli.

Dada wa Njiro, hilo la maji limenichoma.

---

Mzee wa Kongowea:

Swali dogo, maana nimesoma tena. Troli vidonda vilikuwa vinajifunga. Nani aliwasha huo moto?

---

Mhasibu wa Sinza:

Mpagazi. Kuna mpagazi wamemwajiri tangu mjini, anabeba mahema na sufuria. Namwendesha mimi. Mchawi alikuwa amemaliza uganga wake kwa goblini, mpagazi akalirushia troli chupa ya mafuta ya taa, kisha kasisi akafuatisha mwenge.

---

Mzee wa Kongowea:

Na umemhesabu?

Kitabu chenu cha 2014 kinasema msaidizi asiye wa mchezaji akitoa msaada wa maana, anaingia kwenye mgawo kama mmoja wao. Bila yale mafuta lile jitu lingekuwa bado linawala. Gawa kwa watano.

---

Mhasibu wa Sinza:

2,100 kwa watano ni 420. Wanafika 6,270.

Na hata nikimtoa marehemu nikamweka mpagazi wanakuwa wanne tena, 525, na bado hawapandi. Yaani mwizi anaweza kumnyima shemeji fungu lake na asifaidike hata chembe. Nimecheka peke yangu ofisini hadi wenzangu wakageuka.

---

Mhasibu wa Sinza: (Jumapili)

Naleta majibu, maana mliniokoa.

Nilisoma hesabu mezani kabla ya chai. Watano, 420 kila mmoja, na fungu la aliyekufa linabaki kwa mchezaji wake, kama alivyosema Dada. Mwizi akanyamaza kidogo, kisha akauliza tangu lini mbeba sufuria anapata sawa na yeye. Mchawi akamjibu, "Tangu alipobaki kwenye pambano." Hapo ikaisha, au nilidhani imeisha.

Nikamgeukia shemeji, nikamwambia haya, mhusika wako mpya ana XP 6,270 sawa na wenzake, umekuja na nani? Nilijua alikuwa anaandika kitu wiki nzima usiku, nilikuwa naona mwanga wa simu chini ya mlango wake.

Akatoa karatasi. Ni mpagazi. Yule yule, na sufuria zake ameziandika zote, mojawapo imebonyea. Anataka kumcheza yeye sasa. Anasema wakati wenzake wanalia darajani, mpagazi ndiye aliyeshuka kuuchukua mwili.

Mimi nikasema sawa, nimependa, andika 6,270. Akaniambia, "Hapana shemeji, kokotoa vizuri. Mpagazi ameshapata 420 zake kwa ajili ya mafuta. Za marehemu 420 ni zangu mimi, umesema mwenyewe mbele ya watu. Hizo ni 840."

5,850 na 840 ni 6,690.

Mwizi amesimama. Kiti kimeanguka. Wakuu, naombeni tena ushauri.